Kila nikiinama kuweka kigae, moto unapanda kooni

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi wa vigae hapa Morogoro, nina miaka 43, mke na watoto watatu. Kazi hii nina miaka 18 nayo, na ni kazi ya magoti na kuinama kutwa nzima.

Mwanzoni mwa mwaka jana nilianza kusikia kifua kinawaka baada ya kula. Pale saiti mama ntilie anatuletea chakula saa saba. Nakula wali maharage sahani iliyojaa, nashushia na soda, narudi kazini. Nikiinama kuweka kigae cha kwanza tu, moto unapanda kutoka chembe cha moyo mpaka kooni, na mdomoni nakuta maji machachu, makali, mara nyingine na punje za wali. Nikisimama kunapoa, nikiinama unarudi.

Usiku ndiyo balaa. Nafika nyumbani saa tatu au saa nne, nina njaa, napiga ugali wa kushiba, naoga, nalala. Saa nane nakurupuka nimepaliwa, nakohoa, koo linachoma. Asubuhi sauti imekwaruza. Mke wangu anasema ni moyo, nikiamka hivyo anakaa ananiangalia mpaka kunakucha.

Muuza duka la dawa aliniambia ni alsa, yaani vidonda vya tumbo, akanipa dawa za siku 14. Nikapata nafuu, ikarudi, akanipa tena. Sikupimwa kitu. Sasa vidonge vya magnesiamu haviishi mfukoni, natafuna kama karanga. Mama mkwe alinipa magadi nikoroge kwenye maji: nabeua sana, napata nafuu, baada ya muda mfupi moto unarudi. Omeprazoli ninazo, nameza usiku hali ikizidi. Diklofenaki nameza karibu kila siku kwa ajili ya magoti, na nikiwa kazini nameza hivihivi bila maji.

Pilipili nimeacha, nyanya nimeacha, juzi nimeacha na maharage. Karibu nibaki na uji. Sigara niliacha miaka mitano iliyopita, pombe situmii. Nachotaka kujua ni kwa nini kitu kipande juu wakati chakula kinashuka. Je, nina asidi nyingi kuliko wenzangu?

Jambo dogo la mwisho. Tangu kama mwezi na nusu, nyama na ugali vinagoma kidogo kushuka, vinakwama hapa katikati ya kifua mpaka nisukume na maji. Nadhani ni kwa sababu nakula haraka. Suruali nazo zimenilegea, ila hiyo ni kazi.

Mwanao,
Fundi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanzia pale ulipomalizia wewe. Umeandika ukurasa mzima kuhusu moto, halafu chini kabisa ukaweka mistari mitatu ukaiita jambo dogo. Hilo ndilo kubwa. Kiungulia peke yake tungeweza kukishughulikia wewe ukiwa nyumbani na mimi nikiwa hapa. Chakula kinachokwama kwa mwezi na nusu, pamoja na mwili unaopungua bila wewe kutaka, hakitibiwi kwa barua. Unahitaji kuchunguzwa kwa kamera, na nataka uanze kulifuatilia wiki hii, usisubiri umalize nyumba uliyonayo mkononi.

Sisemi una kansa. Hakuna anayeweza kusema hivyo kabla ya kuangalia. Umio, yaani bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukichomwa na asidi kwa muda mrefu huvimba ndani, au hujenga kovu linalobana njia, na kovu hilo hupanuliwa hospitalini mtu akarudi kula nyama yake vizuri. Inawezekana yako ni hiyo. Lakini ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania mpaka Malawi na kusini zaidi, unajulikana kwa kansa ya umio, na huku kwetu inawapata hata watu wa miaka 30 na 40. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Wagonjwa waliofika wakiwa hawawezi kumeza hata uji, ukiwauliza ilianzaje, simulizi zilifanana: nyama ilianza kukwama, nikawa nasukuma na maji. Nyama nikaiacha, nikala ugali. Ugali nao ukakwama, nikahamia wali uliopondwa, halafu uji. Kila hatua mtu alijizoesha, na kila hatua alikuwa na sababu yake. Wewe uko kwenye maji, na sababu yako ni kula haraka. Ndiyo maana nakubana.

Sasa swali lako la kwa nini kipande juu. Ni swali zuri, na ukishaelewa jinsi njia ile ilivyojengwa utajua mwenyewe cha kufanya, maana ni ufundi kama wako.

Chukua kigae cha sentimita 30 kwa 30. Umio wako ni mfupi kuliko upande wake mmoja, una sentimita 25 hivi. Ni bomba la misuli linaloanza chini ya koo, linapita nyuma ya njia ya hewa na nyuma ya moyo, linatoboa kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, halafu linaingia kwenye mfuko wa tumbo. Likiwa halina kitu hulala bapa, kama mpira wa kumwagilia maji bomba likiwa limefungwa.

Weka kidole kwenye koromeo, pale panapotokeza shingoni, umeze mate. Umeona limepanda likashuka? Kwa kitambo hicho kifupi njia ya hewa imejifunga na mlango wa juu wa umio umefunguka. Tonge likishapita hapo huliamrishi tena. Misuli inajibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, mbano unasogea hivyo hivyo kama vidole vinavyokamua kiwele, na ndani ya sekunde 8 hadi 10 tonge limefika chini. Mtazame mbuzi anapokula majani: kichwa kiko chini, tumbo liko juu, na majani yanapanda shingo yote bila shida. Basi chakula hakidondoki kwa uzito wake, kinasukumwa. Kwa hiyo kikikwama, usidhani ni ukubwa wa tonge tu. Ama misuli haisukumi vizuri, ama njia imebanwa.

Chini, pale umio unapokutana na tumbo, kuna mlango wa pili: msuli wa mviringo wa sentimita 3 au 4, ambao muda mwingi umejifumba. Kiwambo nacho kinaubana kwa nje. Ukimeza unafunguka, tonge likipita unafumba. Kazi yake nyingine ni kutoa hewa. Mfuko wa tumbo ukitanuka kwa chakula au gesi, mlango hulegea kwa sekunde chache, ukabeua. Hilo ni jambo la kawaida kwa kila mtu. Shida inaanza pale hewa inapotoka ikiwa imefuatana na kilichomo tumboni.

Kilichomo humo wewe unakijua kuliko wasomaji wangu wengi. Mkimaliza kazi huwa mnamwaga asidi kusafisha mabaki ya saruji, ile inayotoa povu na kuchoma macho. Hiyo ni asidi ya haidrokloriki, na tumbo la kila binadamu linatengeneza hiyo hiyo, ila hafifu kuliko ya kwenye dumu lenu. Maji ya tumbo kwa siku yanafika lita 2 hivi. Umeona jinsi asidi inavyomwagika juu ya kigae kilichong'arishwa isikidhuru, lakini ikigusa saruji iliyo wazi inachemka na kuila? Mfuko wa tumbo umepakwa ute mzito unaopunguza makali ya asidi, huo ni uso wa kigae. Umio haukupakwa ute wa namna hiyo. Ni saruji iliyo wazi.

Kwa hiyo huenda huna asidi nyingi kuliko wenzako. Watu wengi wenye kiungulia wana asidi ya kawaida kabisa, ila iko mahali pasipo pake. Mwenye hitilafu ni mlango. Muda wote huu umekuwa ukipigana na maji wakati dirisha liko wazi.

Tuangalie siku yako. Saa saba unajaza tumbo mpaka mwisho, unaongezea soda yenye gesi, kwa hiyo mfuko umetanuka na mlango unatafuta nafasi ya kutoa hewa. Papo hapo unainama. Ukijikunja kiunoni unakamua tumbo kama mtu anayekamua mfuko wa maziwa, na umio umelala chini. Na mkanda wa suruali je? Kama umezoea kuukaza juu ya tumbo lililoshiba, huo nao unakamua. Hata mtu mwenye mlango mzima angepata kiungulia akifanya hivyo kila siku kwa miaka 18.

Kula nusu ya sahani saa saba, nusu nyingine saa kumi. Soda acha, kunywa maji. Lile saa la kwanza baada ya kula fanya kazi ya kusimama: kata vigae, pima, weka vya ukutani, jaza viungo vya juu. Ukirudi sakafuni piga magoti huku mgongo umenyooka, usijikunje kiunoni. Najua tajiri anataka sebule iishe leo. Mpangilie kazi tangu asubuhi, sakafu iende kabla ya saa saba.

Usiku una hila yake. Ukiwa macho unameza mate kila mara, na mate hupunguza makali ya asidi na kuisukuma irudi ilikotoka. Ukilala usingizi mate yanakauka na kumeza karibu kunakoma. Asidi ikipanda saa nane inakaa pale pale inachoma, na ikifika juu inamwagikia njia ya hewa, ndipo unaamka umepaliwa na sauti imekwaruza. Sasa wewe unapanda kitandani na ugali wa saa nne ukiwa bado uko tumboni mzima. Unahitaji muda wa saa tatu kati ya mlo wa mwisho na kulala. Kama huwezi kufika nyumbani mapema, beba chakula ule saa kumi na mbili jioni ukiwa bado saiti, nyumbani umalizie na kitu kidogo. Mkeo mweleze sababu, asije akadhani umemkimbia mwiko.

Na kitanda chako kipe mteremko. Sakafu ya bafu ukiiweka sawasawa na pima maji, maji yanatuama, si ndiyo? Umelala sawasawa, asidi inatuama kwenye umio. Tafuta matofali mawili ya inchi 6, yalaze chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, yakae imara yasiteleze. Inchi 6 ni sentimita 15, inatosha. Usipange mito mitatu badala ya matofali. Mito inakunja shingo na kiuno, na kukunjika huko kunakamua tumbo upya. Kisha lalia ubavu wa kushoto. Mfuko wa tumbo umeelemea kushoto, kwa hiyo ukilala hivyo asidi inakaa chini ya mlango. Ukilalia kulia mlango ndio unaozama. Wanawake wajawazito wanaonisoma, hili linawahusu pia: homoni za ujauzito hulegeza mlango huu na mtoto anasukuma tumbo kutoka chini, ndiyo maana miezi ya mwisho ni ya moto. Si kwa sababu mtoto ana nywele nyingi.

Vyakula nitavipitia upesi, kwa sababu umejinyima kupita kiasi na mwili tayari unapungua. Mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu na kulegeza mlango. Kahawa, pombe, sigara, chokoleti na mnanaa huwasumbua watu wengi. Pilipili, nyanya, ndimu na machungwa huchoma pale palipokwisha kuchunika, kama chumvi kwenye kidonda. Lakini kila mtu ana vyake. Maharage sioni kwa nini uliyafukuza, yarudishe kidogo kidogo uone. Wewe tatizo lako zaidi ni wingi na saa, kuliko chakula chenyewe. Ila chai naomba uipoze. Mafundi wengi nimewaona wakinywa chai ikiwa inatoa mvuke ili warudi kazini upesi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa ya umio. Si chai yenyewe, ni umoto wake. Iache dakika tano.

Sasa dawa, na hapa nina huzuni, maana umemezeshwa mengi bila kupimwa.

Diklofenaki kwanza. Ile hupunguza ute unaolinda tumbo, yaani inang'oa kigae kilichokuwa kinakukinga. Mtu akiitumia kila siku anaweza kupata vidonda vya kweli vya tumbo, na vikatoa damu bila hata maumivu ya kumshtua. Kidonge ulichomeza bila maji kinaweza kunata ukutani mwa umio kikachoma pale pale kilipokaa. Vidonge vingine, kama doksisaiklini, ni maarufu kwa kuchoma hivyo. Acha diklofenaki leo. Kwa magoti vaa kinga za magoti, tumia parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa, na magoti yenyewe daktari ayaangalie siku hiyo hiyo utakayokwenda. Kidonge chochote kimeze ukiwa umekaa au umesimama, na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo.

Alsa. Sikatai kwamba vipo vidonda vya tumbo, na vingi vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kulithibitisha hilo. Marshall alifikia hatua ya kumnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo, ili wenzake waamini. Lakini bakteria huyo hupimwa, kwa kinyesi au kwa pumzi, kabla ya kutibiwa. Watu wengi sana katika nchi zetu wanaye na hawaumwi chochote. Tena si yeye anayelegeza mlango wa umio. Maumivu ya kidonda cha tumbo mara nyingi hukaa pale kwenye chembe cha moyo, hayapandi mpaka kooni na punje za wali. Wewe umepewa antibayotiki mara mbili kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona. Usikubali mara ya tatu.

Magadi unayajua pia kwa macho. Yakikutana na asidi yanatoa povu, kama saruji pale unapomwaga asidi. Povu hilo ni gesi. Gesi inatanua tumbo, unabeua, mlango unafunguka, asidi nyingine inapanda nyuma yake. Ndiyo ile nafuu yako fupi. Juu ya hapo yana sodiamu nyingi, na sijui kama presha yako umewahi kuipima. Mshukuru mama mkwe kwa upendo wake, uyaache. Magnesiamu ya kutafuna haina ubaya mara moja moja, inapoza asidi iliyopo kwa muda mfupi. Lakini anayetafuna kutwa anaficha moto bila kuzima chanzo chake, na wengi huishia kuharisha.

Omeprazoli ni dawa nzuri, ila unaimeza kinyume. Haipozi asidi iliyokwisha kumwagika, kwa hiyo kuisubiri saa nane za usiku ukiwa unaungua ni kuchelewa. Inafunga vijipampu vinavyotoa asidi, na pampu hizo huwaka mtu anapokula. Ndiyo maana inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa muda daktari atakaosema, mara nyingi wiki 4 hadi 8. Usijipangie mwenyewe wakati una dalili hii ya kukwama. Mpelekee daktari pakiti zote ulizonazo, mweleze ulivyokuwa unameza, yeye ndiye akupangie.

Wasomaji wengine mnaotumia dawa za presha kama nifedipini au amlodipini: ni kweli zinaweza kulegeza mlango huu. Msiziache kwa sababu ya barua hii. Mwambieni daktari awabadilishie.

Mkeo mwambie hakukosea kuogopa. Lugha yetu imetenda haki, imeiita hali hii kiungulia kutokana na kuungua, wakati Waingereza wameita kuungua kwa moyo. Lakini umio na moyo vimepakana na mishipa yao ya fahamu inapita karibu, hata sisi wa kazi hii hatuthubutu kuvitofautisha kwa kusikiliza tu. Kinachopanda ukiinama na ukilala, chenye maji machachu, kwa kawaida ni asidi. Maumivu ya kukandamiza kama jiwe kifuani, yanayokuja ukipandisha maboksi ya vigae ghorofani na kupoa ukipumzika, yanayokwenda mkononi, begani au tayani, yenye jasho la baridi na kukosa pumzi, hayo usiyatafunie magnesiamu. Ni hospitali muda huo huo. Na kwa kuwa utakuwa pale, omba wakupime presha, sukari na umeme wa moyo, ili mama watoto apate usingizi.

Sasa safari yenyewe. Nenda hospitali ya mkoa. Ukifika mbele ya daktari usianze na kiungulia, ataandika dawa ya kiungulia akuage. Anza hivi: "Chakula kigumu kinakwama kifuani, mwezi na nusu sasa, na nimepungua." Halafu mwambie uliyotumia, na diklofenaki usiifiche. Mwombe kipimo cha endoskopia, yaani ile kamera. Kama hapo hawana, wakuandikie rufaa kwenda hospitali yenye kamera, kama Muhimbili. Kama foleni ni ndefu, uliza kuhusu eksirei ya kumeza dawa nyeupe, ambayo inaonyesha kama njia imebana. Haichukui nafasi ya kamera, ila inaweza kukusogeza mbele kwenye foleni.

Kama kabla ya siku hiyo kipande cha nyama kitakwama mpaka ukashindwa kumeza hata mate yako, au ukatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikawa cheusi kinachong'aa kama lami, usisubiri miadi, nenda idara ya dharura. Kwa sasa kata nyama vipande vidogo, tafuna mpaka ilainike kabisa, na ule ukiwa umekaa.

Endoskopia watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Ni mrija laini unaokunjika, unene wake kama kidole, una kamera na taa mbeleni. Watakupulizia dawa ya ganzi kooni, wengine huchoma na sindano ya kukusinziza. Utalala ubavu wa kushoto, utasikia kama unataka kutapika unapopita, na mara nyingi dakika chache zinatosha. Wakiona mahali pa kutilia shaka watachukua vinyama vidogo vya kupima, hutasikia maumivu. Usile kitu kwa saa zisizopungua 6 kabla, au kadiri watakavyokuelekeza. Majibu ya vinyama yanachukua siku kadhaa, kwa hiyo usitoke pale bila kujua tarehe ya kurudi na jina la chumba.

Nenda na mkeo. Wakikusinziza hutaruhusiwa kuondoka peke yako wala kupanda pikipiki kama dereva, na siku ya majibu masikio manne yanasikia vizuri kuliko mawili. Bima kama unayo ibebe, kama huna muulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa ya gharama. Matofali ya kitanda unaweza kuyaweka leo jioni. Ukishapata tarehe ya kipimo niandikie, hata kama ni mstari mmoja tu.